Leza ya kuotesha nywele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora

Kofia zenye taa nyekundu kwa ndani, vitana vya umeme, helmeti za bei ya pikipiki: matangazo yake yamejaa kwenye simu, na wanaopita kuulizia kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Tabora mjini wanazidi kuongezeka. Majibu yako hapa chini. Hayakupangwa kwa umuhimu, yamekuja tu kama maswali yanavyokuja. Mwenye haraka asome lile la ngozi nyeusi na lile la kusuka. Mengine yanaweza kungoja.

Hii leza si ndiyo ile ya kuondolea nywele?

Hapana, na ukizichanganya utajuta. Leza ya kuondolea nywele ina nguvu kubwa: hupiga mwanga wa ghafla wenye joto ili kuunguza mzizi wa unywele usiote tena. Ya kuotesha ni dhaifu. Kila kijitaa chake cha leza kwa kawaida kina miliwati 5 hivi, mwanga ni mwekundu, wa mawimbi ya nanomita kati ya 630 na 670, na ukiiweka kichwani hutakiwi kusikia moto. Tatizo ni kwamba wauzaji wa mtandaoni huziweka zote kwenye ukurasa mmoja, na kwa picha zinafanana. Soma maelezo mpaka mwisho kabla ya kulipa.

Nani alifikiria kumulika kichwa ili nywele ziote?

Hakuna aliyefikiria. Mwaka 1967 huko Budapest, Hungaria, daktari Endre Mester alikuwa anataka kujua kama leza inaleta saratani. Leza yenyewe wakati huo ilikuwa na miaka saba tu tangu itengenezwe. Akawanyoa panya mgongoni, akawamulika kwa mwanga hafifu. Saratani hakuiona; alichoona ni kwamba walionyolewa na kumulikwa nywele zao zilirudi haraka kuliko wenzao. Kutoka hapo hadi kifaa cha kwanza cha nyumbani kuruhusiwa Marekani, kitana kinachoitwa HairMax, ilikuwa Januari 2007. Kiliruhusiwa kwa wanaume kwanza; wanawake wakafuata mwaka 2011.

Mwanga unafanya nini huko ndani?

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga mwekundu unafyonzwa na sehemu za seli zinazotengeneza nishati, seli za mzizi zinachangamka, na unywele unakaa muda mrefu zaidi katika kipindi chake cha kukua. Hayo bado ni maelezo ya maabara. Mtu akikuchorea mchoro wa rangi kuonyesha "leza inavyofufua mizizi iliyokufa", jua anauza. Mzizi uliokufa haufufuki kwa taa.

Niambie moja: inaota au haioti?

Kwa upara wa kurithi ulio bado mwanzoni, inaota kidogo. Neno la kushikilia hapo ni "kidogo", kwa hiyo acha tulipime.

Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2014. Ulikuwa na wanaume 128 na wanawake 141, Marekani. Wengine walipewa kitana cha leza, wengine kitana cha bandia kinachowaka taa ya kawaida, bila kujua nani kapata kipi. Walitumia mara tatu kwa wiki kwa wiki 26. Waliotumia leza waliongeza kwa wastani nywele kati ya 18 na 26 katika kila sentimita ya mraba. Wa bandia waliongeza kati ya 2 na 9.

Sasa tazama ukucha wa kidole chako kidogo: sentimita moja ya mraba ni karibu eneo hilo. Kichwa chenye afya kina nywele 150 na zaidi hapo. Aliyebakiwa na 90 akiongeza 20, kamera ya daktari itaziona, yeye mwenyewe huenda akaziona akijipiga picha karibu. Shemeji yake akija Idi hatashtuka. Na tusisahau kwamba gharama za utafiti huo zilitoka kwa watengenezaji wa kitana. Hilo halifanyi namba kuwa za uongo. Linakufanya tu usiongeze chumvi juu yake.

Wanatangaza "imeidhinishwa na FDA". Si inatosha?

FDA ni mamlaka ya Marekani. Kwa vifaa vya aina hii inachotoa ni ruhusa ya kuuzwa, baada ya mtengenezaji kuonyesha kwamba kifaa hakina hatari kubwa na kinafanana na kingine ambacho tayari kiko sokoni. Dawa mpya hupita kwenye tundu dogo zaidi ya hilo. Hapa kwetu anayesimamia vifaa tiba ni TMDA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Magharibi hapa hapa Tabora, kwa hiyo mtu wa Urambo au Nzega hana sababu ya kubahatisha: aulize kama kifaa anachouziwa kimesajiliwa. Muuzaji anayechukia swali hilo ameshakujibu.

Mimi ni mweusi. Inanifaa?

Hili ndilo swali ambalo matangazo hayaligusi, na ndilo kubwa kuliko yote kwa msomaji wa Tabora.

Madaktari wa ngozi hupanga rangi za ngozi katika makundi sita, kwa kipimo kilichoanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975. Kundi la kwanza ni ngozi nyeupe inayoungua na jua haraka. La tano na la sita ni sisi, kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Ruhusa ya HairMax, na ya vifaa vingine vingi vilivyofuata nyuma yake, imeandikwa kwa ajili ya kundi la kwanza hadi la nne. Imeandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu cha ndani, kwa maandishi madogo. Chukua kijitabu, tafuta neno "Fitzpatrick" na namba za Kirumi zinazolifuata. Ukikuta I hadi IV, basi kampuni yenyewe inakuambia kwamba haikukusudia kichwa chako.

Kwa nini? Kwanza, walioitwa kwenye majaribio wengi walikuwa wa makundi hayo. Pili, weusi wa ngozi unafyonza mwanga. Wasiwasi ni kwamba sehemu ya mwanga huo inaishia juu ya ngozi badala ya kufika kwenye mizizi, na ngozi inapata joto zaidi ya iliyokusudiwa. Hii si kusema kwamba ukiivaa utaungua, wala kwamba haitaotesha kitu. Maana yake ni kwamba zile nywele 20 za utafiti zilihesabiwa kwenye vichwa vya watu wengine, na wewe unatakiwa ulipie bei ile ile.

Kisha kuna nywele zenyewe. Kipilipili kilichofungamana kinazuia mwanga usifike kichwani, na meno ya kitana yanakwama. Mwenye nywele fupi sana au aliyenyoa hana shida hiyo. Aliyesuka rasta akavaa kofia ya leza juu yake anamulika rasta.

Nywele zangu za mbele zimekimbia kwa sababu ya kusuka. Leza itazirudisha?

Wanawake wengi wanaouliza habari ya leza hapa wana tatizo hili, na kwa tatizo hili leza haikupimwa. Kinachong'oa nywele ni mvuto. Yebo yebo iliyobanwa, wivingi iliyoshonewa kwenye msuko mwembamba, rasta nzito ndefu mpaka kiunoni, fundo la nywele linalovutwa nyuma kila siku chini ya mtandio. Na kama nywele zimepakwa dawa ya kulainisha, ndiyo kabisa, kwa sababu zimeshadhoofika.

Dalili ziko wazi kama unajua pa kutazama. Kaa mlangoni mwa saluni mchana, penye mwanga wa jua, mwambie msusi akutazame pembeni juu ya masikio na kwenye paji. Mara nyingi unakuta mstari mwembamba wa nywele laini umebaki mbele kabisa, ukingoni, na nyuma yake ndiyo kuna uwazi. Nywele hizo zilibaki kwa sababu ni fupi, msusi hakuzipata. Tazama pia vipele vidogo vyenye ncha nyeupe kwenye mashina ya msuko. Halafu kumbuka usiku wa kwanza baada ya kusuka: kama ulimeza Panadol ili ulale, msuko ule ulikuwa unakudhuru. Kuna wanaosema "usipouma haujasukwa vizuri". Maneno hayo yameondoa nywele nyingi.

Matibabu yake hayana bei ya helmeti. Fumua. Acha nywele zipumzike miezi, siyo wiki moja kati ya msuko na msuko. Ukirudi kusuka, taka mafungu makubwa, rasta nyepesi, na ukingo wa mbele uachwe. Mwambie msusi alegeze, na akikataa badilisha msusi. Tabora hatuna uhaba wao. Vipele vikiwepo, muone daktari. Ukiwahi, nywele zinarudi. Ukiendelea kwa miaka mpaka ngozi ya pale ikawa laini, inang'aa na vitundu vya nywele havionekani tena, hapo pameshakuwa kovu, na hakuna mwanga, mafuta wala dawa ya kupaka itakayootesha nywele juu ya kovu.

Zinanyonyoka katikati ya kichwa, utosini, na pananiuma.

Usinunue chochote, nenda hospitali. Kuna ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi, unaoanzia utosini na kusambaa kuelekea pembeni kama duara linalokua, ukiacha kovu. Wengine huwashwa au kuhisi moto, wengine hawasikii kitu. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wenye ugonjwa huu wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo si haki kumlaumu kila mwanamke kwamba ni kitana cha moto au dawa ya nywele. Unazuiliwa kwa dawa za kutuliza uvimbe, zikianza mapema. Miezi sita ya kujaribu leza ni miezi sita ya kovu kutembea.

Nina mtoto wa miezi minne, nywele zinatoka kwa mafungu.

Hongera ya mtoto, na usiogope. Mimba huzuia nywele zisianguke. Ukijifungua zile zilizocheleweshwa zinaondoka pamoja. Kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Hali kama hiyo humpata mtu miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, malaria iliyomlaza, upasuaji au msiba mzito. Unapoziona zinaanguka, kilichoziangusha kimeshapita, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo hayo mawili. Zisiporudi, pima wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Leza haina kazi hapa.

Mwanangu wa shule ana mabaka yasiyo na nywele.

Mapunye, mara nyingi. Ni fangasi, na huyo anahitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa na daktari kulingana na uzito wake, kwa wiki kadhaa. Ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Msichangie kitana wala kofia. Mtoto hawekewi leza.

Na vipele vya kisogoni baada ya kunyolewa?

Acha kunyoa kipara cha wembe, mwambie kinyozi aache nywele kidogo na mashine isafishwe. Vikianza kuwa vinundu vigumu, hospitali. Leza ya kuotesha haihusiki hata kidogo.

Basi nani ajaribu?

Mwenye upara wa kurithi, kwa mwanaume ule unaoanzia pembe za paji na utosini, kwa mwanamke ule wa nywele kuwa nyepesi juu ya kichwa huku mstari wa kugawa nywele ukipanuka. Awe bado ana nywele nyembamba pale, si kipara kinachong'aa. Awe ameonwa na daktari. Awe na pesa ambayo hata ikipotea ada ya shule inalipwa. Na awe na subira ya kuivaa bila kuruka kwa miezi sita kabla ya kusema lolote. Ukiwaondoa wasio na sifa hizo, kwenye foleni ya wanaouliza anabaki mtu mmoja mmoja, na mara nyingi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu ambaye baba yake hana nywele.

Gharama zake?

Za kweli huanzia dola mia kadhaa kwa vitana hadi karibu dola 3,000 kwa kofia zenye leza nyingi, yaani kutoka karibu milioni moja hadi milioni saba na zaidi, bado usafiri na ushuru. Zile za elfu hamsini zinazotembezwa mkononi kwa kawaida ni taa nyekundu za kawaida ndani ya plastiki. Taa hizo nazo zimefanyiwa majaribio, kwa hiyo si kwamba ni haramu, lakini kama boksi halitaji nanomita wala miliwati huna namna ya kujua umenunua nini.

Kuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo?

Ipo, na ndiyo inayopaswa kujaribiwa kwanza kwa upara wa kurithi: minoxidil ya kupaka. Ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaota nywele, na tangu mwaka 1988 inauzwa Marekani kwa ajili ya kichwa. Chupa ya mililita 60 kwa kipimo cha mililita moja asubuhi na moja jioni inakwisha kwa mwezi. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi. Wengi huacha hapo kwa hofu, na ndipo walipotakiwa kuendelea. Hesabu miezi minne hadi sita. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Ikimwagika usoni inaotesha nywele usoni, na ni sumu kwa paka, kwa hiyo usimwache alale kwenye mto wako.

Kwa wanaume kuna pia finasteride ya miligramu moja, ya kumeza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa kazi hii. Vidonge vya miligramu 5 ni vya tezi dume; usivimege mwenyewe bila daktari. Dawa hii hushusha kipimo cha damu cha tezi dume karibu nusu, kwa hiyo anayepimwa lazima aseme kwamba anaitumia. Inaweza pia kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika.

Leza na minoxidil pamoja?

Tafiti ndogo zinaonyesha kwamba pamoja zinaweza kuzidi moja peke yake. Mwenye uwezo anaweza. Mwenye pesa ya kimoja achague chupa.

Mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu?

Nyonyo inalainisha nywele zisikatike, na hiyo ni faida. Kuotesha palipopata upara ni habari nyingine. Kitunguu kitaunguza ngozi ya baadhi ya watu na harufu yake utaijua kwenye daladala.

Leza ina madhara?

Kwa wengi ni machache: kichwa kuuma, kuwashwa, ngozi kukauka. Usiangalie taa kwa macho. Anayemeza dawa zinazofanya ngozi iogope mwanga, doxycycline ikiwemo, aulize kwanza. Vivyo hivyo aliyewahi kuwa na saratani ya ngozi, na mjamzito. Albino asianze bila daktari wa ngozi.

Nikiona zimeota, naweza kuacha?

Ukiacha zinarudi zilikokuwa, taratibu. Ni sawa na minoxidil kwa hilo. Kwa hiyo bei uliyolipa ni ya kuingia. Kuivaa ni kwa miaka.

Nione daktari wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Wa Igunga wana Nkinga. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili; na KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Nenda umefumua, kichwa kimeoshwa, bila mafuta. Daktari hawezi kuona ngozi iliyo chini ya wivingi, na wengine wamesafiri kutoka Kaliua wakarudishwa nyumbani wakafumue.

Nimeshanunua. Nifanyeje?

Tunza risiti na boksi. Soma muda wa kurudishiwa pesa, maana kampuni nyingine hutoa miezi kadhaa na nyingine hazitoi kitu. Geuza chaja utazame nyuma: ikiwa imeandikwa 100–240V, chomeka; ikiwa imeandikwa 110V au 120V tu, umeme wetu wa 230 utaiua siku ya kwanza, tafuta kipunguza umeme. Vaa kichwa kikiwa kikavu, bila msuko, bila mafuta mazito, kwa muda ulioandikwa na si zaidi. Kuongeza dakika hakuongezi nywele. Piga picha leo, mahali pamoja, mwanga uleule, nywele zikiwa na urefu uleule, kisha kila mwezi. Mwezi wa sita weka ya kwanza na ya mwisho pamoja, umwonyeshe mtu asiyejua ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, irudishe kama bado uko ndani ya muda.